Serotonini ya Ndizi Huishia Wapi?

Mgonjwa anayeshukiwa kuwa na aina fulani ya uvimbe wa utumbo hupewa dumu na maelekezo: akusanye mkojo wake wote wa saa 24, usipotee hata tone, na kwa siku kama tatu kabla ya hapo asiguse ndizi, nanasi, parachichi wala nyanya. Wengi hushangaa. Mkojo na ndizi wapi na wapi?

Maabara inatafuta kwenye mkojo huo mabaki ya kemikali iitwayo serotonini, na ndizi ina serotonini tele. Mtu akila ndizi jioni, mabaki hayo hupanda, na daktari anaweza kudhani ameona ugonjwa kumbe ameona chakula cha jana.

Hapo ndipo pazuri pa kuanzia, kwa sababu kuna ujumbe usiokauka kwenye simu na redioni: kula ndizi upate serotonini, "homoni ya furaha". Nusu yake ni kweli, serotonini imo kwenye ndizi. Ila serotonini hiyo huingia tumboni, huvunjwavunjwa na ini, kisha hutoka na mkojo. Ubongoni haifiki. Inayofanya kazi ubongoni imetengenezwa humohumo ubongoni, na inayofanya kazi utumboni imetengenezwa humohumo utumboni. Anayetaka kuielewa aulize maswali matatu: imetengenezwa wapi, kitu gani kimeiachilia, na nani anaiondoa kazi ikiisha. Magonjwa mengi yanayohusu serotonini, na baadhi ya dawa zinazoigusa, yana jibu lake kwenye mojawapo ya maswali hayo.

Tumbo kwanza, ubongo mwisho

Miaka ya 1930, katika Chuo Kikuu cha Pavia kaskazini mwa Italia, Vittorio Erspamer alikuwa akichunguza seli chache zilizotawanyika kwenye utando wa ndani wa utumbo. Alizikamua kwa asetoni, kisha akajaribu majimaji aliyoyapata kwenye kipande cha mfuko wa uzazi wa panya. Kipande kile kikajikunja. Baadhi ya wataalamu wakasema hiyo ni adrenalini tu. Yeye akaonyesha kwa vipimo kwamba sivyo, na mwaka 1937 akatangaza pamoja na mwenzake Maffo Vialli kwamba wamepata kitu kipya. Baadaye kikaitwa enteramini.

Huko Cleveland, Marekani, daktari Irvine Page alikuwa na shida nyingine kabisa. Alikuwa akitafuta kinachopandisha shinikizo la damu, lakini kila damu ilipoganda ilitoa kitu kinachobana mishipa, kikamharibia vipimo. Akaona heri akijue kwanza ili akiondoe. Kazi hiyo akampa mkemia kijana, Maurice Rapport, akisaidiana na Arda Green. Rapport alitafuta damu ya ng'ombe machinjioni, akaacha igande, akachuja mamia ya lita za majimaji yake mpaka akabakiwa na fuwele kidogo tu. Mwaka 1948 watatu hao wakaitangaza serotonini, na mwaka 1949 Rapport akaeleza umbo lake la kikemia. Mwaka 1952 Erspamer akathibitisha kwamba enteramini yake na serotonini ya Cleveland ni kitu kilekile.

Ubongo ulikuja mwisho. Betty Twarog alikuwa mwanafunzi akichunguza msuli wa kome, yule mnyama wa baharini anayefumba magamba yake na kukaa hivyo saa nyingi bila kuchoka. Akagundua kwamba serotonini ndiyo inayoulegeza msuli huo. Akawaza: kama mnyama asiye na uti wa mgongo anaitumia kwenye neva zake, kwa nini ubongo wa wanyama wakubwa usiitumie? Akapata nafasi katika maabara ya Page, na mwaka 1953 wakachapisha matokeo: serotonini imo ubongoni.

Mpangilio huo wa ugunduzi unafuata wingi wenyewe. Zaidi ya asilimia 90 ya serotonini ya mwili iko utumboni. Sehemu nyingine huzunguka katika damu. Ubongo una asilimia moja au mbili hivi, ingawa ndio uliochukua umaarufu wote.

Kutoka maharage hadi serotonini

Serotonini hutokana na triptofani, mojawapo ya asidi amino zinazojenga protini. Frederick Gowland Hopkins aliitenga mwaka 1901 huko Cambridge, Uingereza. Mwili wa binadamu hauwezi kuitengeneza, lazima iliwe: kwenye maharage, choroko, dagaa, mayai, maziwa, nyama, karanga.

Seli huifanyia triptofani mambo mawili. Kwanza, kimeng'enya chenye madini ya chuma huipachika oksijeni mahali maalumu. Hatua hii huenda taratibu, na ndiyo inayoamua serotonini itapatikana kiasi gani. Kisha kimeng'enya cha pili hukata kipande na kukitoa kama kaboni dioksidi. Hiki cha pili hakifanyi kazi bila vitamini B6, ileile wanayopewa wagonjwa wa kifua kikuu pamoja na vidonge vya isoniazidi. Kinachobaki baada ya hapo ni serotonini.

Kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba kimeng'enya cha kwanza ni kimoja kwa mwili mzima. Mwaka 2003 watafiti wa Berlin, wakiwemo Diego Walther na Michael Bader, walizalisha panya wasio na jeni ya kimeng'enya hicho. Damu ya panya hao haikuwa na serotonini ya kutajika, na utumbo vivyo hivyo. Lakini ubongo wao ulikuwa nayo kama wa panya wengine. Ndipo ikajulikana kwamba kuna jeni mbili, moja ya utumboni na nyingine ya ubongoni, kila upande ukijitengenezea yake.

Kati ya pande hizo mbili kuna kuta za mishipa midogo ya damu ya ubongo, ambazo seli zake zimebanana kiasi kwamba serotonini haipenyi. Triptofani hupenya, kwa sababu ina mlango wake. Ila mlango huo inaugombea na asidi amino nyingine kubwa. Mlo wa nyama nyingi huongeza triptofani, lakini huongeza zaidi hizo zinazogombana nayo. Mlo wa wanga huamsha insulini, ambayo huzisukuma nyingine kwenye misuli na kuiachia triptofani nafasi. John Fernstrom na Richard Wurtman walilionyesha jambo hilo kwa panya, huko Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1970. Kwa mtu anayekula mlo wa kawaida tofauti ni ndogo sana, maana protini kidogo tu ya maharage juu ya wali inatosha kuipunguza. Hakuna sahani inayoweza kuujaza ubongo serotonini kwa mpigo.

Tena sehemu kubwa ya triptofani haigeuki serotonini kamwe. Ini huichukua na kuipitisha njia nyingine, ambayo mojawapo ya mazao yake ni niasini, vitamini ya kundi B. Mahindi ni maskini wa triptofani, na niasini yake imefungwa kwa namna ambayo tumbo haliwezi kuifaidi. Ndiyo maana watu wanaolazimika kuishi kwa mahindi matupu miezi mingi hupata pelagra: ngozi ya shingo na mikono inayopigwa na jua huwa nyeusi na kubanduka, tumbo huhara, akili huchanganyikiwa. Mgonjwa wa ule uvimbe wa utumbo anaweza kupata pelagra hiyohiyo hata akiwa na chakula cha kutosha. Uvimbe hujichukulia triptofani nyingi kutengenezea serotonini, na ini linakosa ya kutengenezea niasini.

Tonge linavyosogea

Seli alizozikamua Erspamer ni chache, chini ya moja katika kila mia za utando wa utumbo. Ndani yake kuna vifuko vidogo vilivyojaa serotonini. Chukua tonge la ugali lililokwisha kutafunwa na kusagwa na tumbo. Likiingia utumboni linautanua ukuta. Seli hizo huhisi kubanwa, kalsiamu huingia ndani yake, vifuko husogea hadi ukingoni na kumwaga kilichomo. Serotonini iliyomwagika hugusa ncha za neva zilizo chini ya utando. Neva nazo huiamuru misuli iliyo nyuma ya chakula ibane na iliyo mbele ilegee, na chakula kinasogea. Mwaka 1958 Edith Bülbring na mwenzake, huko Oxford, walionyesha kwamba serotonini ikiongezwa ndani ya utumbo huuamsha mwendo huo.

Lakini ishara isiyozimika haina faida. Utumbo ungeendelea kusukuma hata pasipo na cha kusukumwa. Kwa hiyo seli za jirani kwenye utando huifyonza serotonini mara moja na kuivunja. Kutoa haraka na kuondoa haraka: kanuni hii iko kila mahali serotonini inapofanya kazi.

Utumbo ukichokozwa kupita kiasi, seli zilezile humwaga serotonini nyingi kwa mkupuo. Dawa kali za saratani kama sisplatini hufanya hivyo. Neva ndefu itokayo tumboni hadi kwenye shina la ubongo hupokea taarifa, na mgonjwa hutapika. Ondansetroni, ambayo wagonjwa wengi wa saratani hupewa kabla ya dripu zao, imetengenezwa kwa ajili ya hapo. Haizuii serotonini kutengenezwa wala kumwagika. Huziba vipokezi vya kwenye neva, serotonini ikamwagika bila kupata pa kukamata.

Mwaka 2015 watafiti wa California, akiwemo Elaine Hsiao, walionyesha kwamba bakteria wa utumboni nao wana mkono wao. Panya waliolelewa bila bakteria hata mmoja walikuwa na serotonini pungufu utumboni na katika damu, na walipopewa bakteria wa aina fulani ikapanda. Utafiti huo ulikuwa wa panya, na ulihusu serotonini ya utumboni. Anayeuza vidonge vya bakteria kama tiba ya huzuni kwa ushahidi huo ameruka hatua nyingi mno.

Mzigo ndani ya damu

Sehemu ya serotonini ya utumboni huvuja na kuingia kwenye damu. Ikiachwa huru itabana mishipa na kusumbua viungo njiani, hivyo haiachwi. Chembe sahani, zile chembe ndogo zinazogandisha damu, haziwezi kutengeneza serotonini hata kidogo. Zikipita kwenye mishipa ya utumbo huipakia, kama jahazi linalopakia nazi za shamba lisilo lake, na kuzunguka nayo kwa siku saba hadi kumi, ambazo ndizo umri wake wote.

Mtu anamenya mihogo, kisu kikamteleza kidoleni. Chembe sahani zilizo karibu hunata kwenye ukuta wa mshipa uliochanika na kufungua vifuko vyake. Serotonini humwagika hapo hapo, mshipa unabana, damu inapungua kasi, na chembe nyingine zinaitwa kuja kuziba. Dakika chache baadaye damu imekatika. Kitu kilichokuwa kikimharibia Page vipimo ndicho hiki. Kila damu ilipoganda, chembe sahani zilishusha mzigo wake.

Kinachoipakia serotonini ni protini moja iliyopachikwa kwenye ukuta wa chembe, iitwe kisafirishi. Sodiamu ni nyingi nje ya seli na wakati wote inasukumwa kuingia ndani. Kisafirishi hutumia msukumo huo kuivuta serotonini iingie pamoja nayo. Kisafirishi hichohicho, kitokanacho na jeni ileile, ndicho kinachookota serotonini ubongoni. Kwa hiyo dawa ya sonona kama fluoksetini, inayokiziba ubongoni, hukiziba na kwenye damu. Mtu akiitumia kwa wiki kadhaa, chembe sahani zake huwa karibu tupu. Kwa wengi hakuna kinachoonekana. Lakini akichanganya na diklofenaki, ibuprofeni au aspirini, dawa ambazo watu hununua dukani bila kufikiri mara mbili, hatari ya kuvuja damu tumboni hupanda.

Kampala na kesi ya matoke

Afrika Mashariki ina sura yake katika habari hii. Mwaka 1948 J.N.P. Davies, mwanapatholojia wa Kampala, alieleza ugonjwa wa moyo alioukuta akipasua maiti. Utando wa ndani wa moyo ulikuwa umegeuka kovu nene jeupe, vyumba vya moyo vimesinyaa, vali hazifungi sawasawa. Wagonjwa wa namna hiyo walifika Hospitali ya Mulago matumbo yamejaa maji.

Miaka michache baadaye madaktari wa Ulaya wakatambua kwamba uvimbe unaomwaga serotonini nao huacha kovu moyoni. Mwaka 1953 Fred Lembeck, wa Austria, aliipata serotonini ndani ya uvimbe wenyewe. Basi wataalamu wakaunganisha vipande. Waganda wengi hula matoke kila siku, ndizi zina serotonini, na vipimo vya mkojo vilionyesha kweli kwamba wanaokula ndizi hutoa mabaki yake kwa wingi. Je, matoke ndiyo yanayoharibu mioyo?

Hoja ilikaa vizuri, ila ililisahau ini. Damu yote itokayo utumboni hupita kwenye ini kabla ya kwenda kwingine, na ini lina kimeng'enya kiitwacho MAO kinachoivunja serotonini. Kinachoponyoka hapo hukutana na mapafu, nayo huivunja. Mabaki mengi kwenye mkojo wa mla ndizi yalionyesha kwamba ini lake limefanya kazi yake. Hayakuonyesha kwamba moyo wake umeguswa.

Uvimbe wenyewe unatoa ushahidi. Mara nyingi dalili zake huanza pale unapokuwa umesambaa hadi kwenye ini, ukimwaga serotonini kwenye damu iliyokwisha kupita kizuizi. Na hata hapo moyo huumia zaidi upande wa kulia, unaopokea damu kabla haijafika mapafuni, huku upande wa kushoto mara nyingi ukinusurika. Ugonjwa wa Davies hauchagui, hupiga pande zote mbili. Tena unapatikana Kerala, India, na pwani ya Msumbiji, ambako mwaka 2008 Ana Olga Mocumbi na wenzake waliripoti kwamba katika eneo la Inharrime karibu mtu mmoja kati ya watano alikuwa na dalili zake kwenye picha za moyo. Chanzo bado kinabishaniwa, minyoo, lishe na umaskini vikitajwa mara kwa mara. Matoke yameachiwa huru.

Hata hivyo serotonini inaweza kweli kuudhuru moyo ikipata njia ya kuufikia, au kitu kingine kikijifanya serotonini. Mwaka 1997 dawa ya kupunguza unene iitwayo fenfluramini iliondolewa sokoni Marekani baada ya kukutwa ikiharibu vali za moyo. Mwili huigeuza kuwa kitu kinachoamsha kipokezi cha serotonini kilichoko kwenye vali, na tofauti na ndizi, ini halikikomeshi njiani.

Ubongoni

Mwaka 1964 Annica Dahlström na Kjell Fuxe wa Sweden walikausha vipande vya ubongo wa panya, wakavifukiza kwa formaldehaidi na kuviangalia kwa darubini maalumu. Seli zenye serotonini ziling'aa rangi ya njano. Zote, karibu, zilikuwa zimejipanga katikati ya shina la ubongo. Kwa binadamu ni laki chache tu kati ya seli za neva zipatazo bilioni 86, lakini nyuzi zake huenea karibu kila pembe ya ubongo na kushuka hadi kwenye uti wa mgongo.

Namna inavyoachiliwa inafanana na ya utumboni. Msukumo wa umeme ukifika mwisho wa uzi, kalsiamu huingia, vifuko hupasuka, serotonini humwagika kwenye nafasi finyu kati ya seli. Hapo inakutana na vipokezi, na vipokezi vyake ni vya aina 14 hivi. Vingine huichangamsha seli iliyovibeba, vingine huituliza. Kwa sababu hiyo serotonini haina ujumbe mmoja. Usingizi, hamu ya kula, joto la mwili, maumivu, kichefuchefu na hisia vyote inavigusa, na matokeo hutegemea ni kipokezi gani, mahali gani. Usiku, ndani ya tezi ndogo iliyo katikati ya kichwa, serotonini yenyewe hugeuzwa kuwa melatonini, homoni inayouambia mwili kwamba giza limeingia. Kuiita homoni ya furaha ni kuchagua kazi moja katika nyingi, tena ile ambayo ushahidi wake ni dhaifu kuliko nyingine.

Kazi ikiisha, kisafirishi huirudisha serotonini ndani ya seli iliyoitoa. Ikisharudi, ama hupakiwa upya kwenye vifuko ama huvunjwa na MAO. Dawa za sonona zilianzia hapa, tena kwa bahati. Mwaka 1952, katika Hospitali ya Sea View jijini New York, wagonjwa wa kifua kikuu waliopewa dawa mpya, iproniazidi, walichangamka kupita ilivyotarajiwa. Ilikuja kujulikana kwamba dawa hiyo huzuia MAO. Fluoksetini, inayoziba kisafirishi, iliruhusiwa Marekani mwaka 1987, na matangazo ya miaka iliyofuata yakawazoeza watu kusema kwamba sonona ni upungufu wa serotonini.

Kauli hiyo ina matatizo. Fluoksetini huziba kisafirishi ndani ya saa chache, lakini nafuu huchukua wiki kadhaa. Watu wenye afya wakinywa mchanganyiko wa asidi amino usio na triptofani, ili serotonini ya ubongo ishuke kwa muda, kwa kawaida hawapati sonona, ingawa baadhi ya waliokwisha kupona kwa dawa hizi hurudiwa na dalili kwa saa chache. Mwaka 2022 Joanna Moncrieff wa London na wenzake walipitia tafiti za miongo mingi, na hawakupata ushahidi thabiti kwamba sonona husababishwa na upungufu wa serotonini.

Baadhi ya watu waliisoma habari hiyo wakatupa vidonge vyao. Walikosea. Swali la ugonjwa unatoka wapi si swali la dawa inasaidia au haisaidii. Majaribio yaliyofanywa kwa maelfu ya watu yameonyesha kwamba dawa hizi huwapa nafuu wagonjwa wengi kuliko vidonge vitupu, hasa sonona inapokuwa nzito. Kinachodhaniwa sasa ni kwamba serotonini ikibaki nje ya seli kwa muda mrefu zaidi, ubongo hujipanga upya polepole, na kujipanga huko ndiko kunakochukua wiki.

Unapokwenda hospitali

Hakuna kipimo cha damu kinachoonyesha serotonini ya ubongo. Kipimo cha serotonini kwenye damu huonyesha mzigo wa chembe sahani uliotoka utumboni, na ubongo uko upande wa pili wa kuta. Anayekupima damu na kukutangazia kwamba homoni yako ya furaha imeshuka amepima kitu kingine. Sonona hutambuliwa kwa mazungumzo ya makini kuhusu usingizi, chakula, nguvu, matumaini na mawazo ya kutaka kufa, na mtu mwenye mawazo hayo asisubiri mlo wala kipimo, aende kituo cha afya siku hiyohiyo.

Hatari iliyo wazi zaidi ni ya kuchanganya dawa. Moja ikizuia serotonini isiokotwe na nyingine ikizuia isivunjwe, njia zote mbili za kuiondoa zimefungwa kwa pamoja. Mgonjwa hutetemeka, hutoka jasho, huhara, moyo humwenda mbio, joto hupanda, akili huchanganyikiwa, na bila kuhudumiwa haraka anaweza kufa. Fluoksetini ikikutana na tramadoli ya maumivu, au na linezolidi wanayopewa wagonjwa wa kifua kikuu sugu, ambayo nayo huzuia MAO, hali hiyo inaweza kutokea. Hata dekstromethofani, iliyomo katika baadhi ya dawa za kikohozi, inaweza kuchangia.

Kwa hiyo mtajie daktari kila unachotumia: vidonge vya hospitali, vya duka la dawa, vya kuongeza lishe na vya mitishamba. Mtajie na fluoksetini uliyoacha mwezi uliopita, kwa maana hubaki mwilini wiki kadhaa baada ya kidonge cha mwisho, na kisafirishi kinaweza kuwa bado kimezibwa siku unapopewa dawa nyingine.